Leo nimeielewa lambda

Jamani, tangu asubuhi nilikuwa na mstari mmoja tu wa Haskell, lugha ya kuandikia programu:

map \x -> x * 2 [1,2,3]

Nilitaka kila namba izidishwe kwa mbili. Kompaila, ile programu inayotafsiri nilichoandika ili kompyuta ikielewe, ikakataa katakata. Chai imepoa mezani, mimi bado naukodolea macho mstari uleule.

Mwenzangu wa meza ya jirani akaja, akainama, akaongeza mabano:

map (\x -> x * 2) [1,2,3]

Jibu likatoka papo hapo: [2,4,6].

Akanieleza kwamba lambda, yaani fanksheni (kipande cha programu kinachopokea kitu na kutoa jibu) isiyo na jina, humeza kila kilicho kulia kwa mshale, mpaka ikutane na kizuizi. Mabano ndiyo yanayoiambia ikome wapi. Bila hayo, hata orodha yangu ingeingia tumboni mwake.

Lakini kilichonigusa zaidi ni ile alama ya mwanzo, \

Miaka yote naijua ya kutenganisha mafolda kwenye Windows. Kumbe hapa inasimama badala ya herufi ya Kigiriki λ (lambda), ila \ imepungukiwa mguu mmoja! Mwanahisabati Alonzo Church aliitumia λ miaka ya 1930, kabla hata ya kompyuta hizi tunazozijua.

Nimeichora kwenye daftari. Nikaiongezea mguu wake kwa penseli. Nikaitazama weee.

Nyie mnaoandika Haskell, fanksheni mnaiacha bila jina mpaka ifike urefu gani? Mimi ikivuka mstari mmoja naona bora niipe jina.

Hebu niambieni.