Mchecheto uwanjani na sekunde 25 za kati ya pointi

Ushauri unaosikika zaidi kandokando ya viwanja vya tenisi hapa Tanga ni neno moja tu, "tulia", na katika miaka yote niliyocheza mchezo huu sijapata kumwona mtu aliyetulia kwa sababu ameambiwa atulie. Neno hilo halimwelekezi mchezaji afanye nini na mkono unaotetemeka wala pumzi iliyomkaa kooni. Zaidi ya hayo humwongezea mzigo, kwa kuwa sasa anafahamu kwamba hata waliokaa pembeni wamekwisha kuiona hofu yake. Nawaandikia wale wanaocheza mechi za mwisho wa wiki na mashindano madogo, ambao mazoezini mipira yao hutua wanakotaka, lakini pointi zikianza kuhesabiwa hujiona kama wameazimwa mkono wa mtu mwingine.

Mchecheto huanzia mwilini, nami naamini kwamba unapaswa kushughulikiwa kuanzia huko huko. Mtu anapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, pumzi hupanda kifuani na kuwa fupi, misuli mikubwa hukaza, na viganja huloa jasho. Mabadiliko hayo humfaa sana mtu anayefukuzwa na mbwa. Tenisi, hata hivyo, huchezwa kwa vidole, kwa kifundo cha mkono na kwa macho, na vyote hivyo huharibika mtu akijikaza. Anayeubana mpini wa raketi hupunguza kasi ya mkono wake, na mpira aliodhani ameupiga kwa nguvu hutua katikati ya kiwanja, mahali ambapo mpinzani anausubiri kwa furaha. Hata kabla ya mkono, miguu ndiyo hulegea kwanza: mchezaji huziacha zile hatua fupifupi za kujiweka sawa, huupiga mpira akiwa amesimama wima, kisha huilaumu fohendi yake (pigo la upande wa mkono anaoshikia raketi) ambayo haina kosa lolote. Ndiyo maana ninapomwona kijana ameanza kubabaika simwambii neno lolote kuhusu akili yake, bali namwambia achezeshe miguu.

Mahali ambapo hofu hujifichua waziwazi kuliko pengine pote ni kwenye sevu ya pili, yaani jaribio la pili na la mwisho la kuanzisha pointi baada ya la kwanza kukosea. Mpira wa sevu ya pili huwa salama kwa sababu ya mzunguko: raketi hupanda kwa kasi ikiusugua mpira, mpira hupita juu ya wavu kwa nafasi ya kutosha, halafu mzunguko huo huuvuta chini uangukie ndani ya kisanduku cha sevu upande wa mpinzani. Mwenye hofu hufanya kinyume. Hupunguza kasi ya mkono akidhani kwamba anajihadhari, huusukuma mpira polepole kama mtu aliyebeba kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni, na kwa kuwa kasi imeondoka, mzunguko nao umeondoka, basi mpira ama hunasa wavuni ama hupitiliza mstari. Jambo hili ni gumu kuliamini ukiwa umesimama pale kwenye mstari, lakini kwenye sevu ya pili tahadhari ya kweli ni kuuachia mkono uende kwa kasi yake yote na kulenga juu zaidi ya wavu.

Mfano ambao wapenzi wa tenisi hawausahau ni wa fainali ya wanawake ya Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka 1993. Jana Novotna alikuwa akimwongoza Steffi Graf kwa gemu 4–1 katika seti ya tatu na ya mwisho (pointi hujenga gemu, na gemu hujenga seti), na alikuwa akianzisha yeye huku akiongoza kwa 40–30, yaani pointi moja tu ilitosha kumfikisha 5–1. Akakosa sevu zote mbili. Graf akachukua gemu tano mfululizo na kushinda kwa 7–6, 1–6, 6–4, na wakati wa kukabidhiwa zawadi Novotna akalia begani mwa mke wa Dyuki wa Kent, wa ukoo wa kifalme wa Uingereza. Wengi huishia hapo wanaposimulia kisa hicho, ilhali mwaka 1998 mwanamke huyo huyo alirudi katika kiwanja hicho hicho akamshinda Nathalie Tauziat na kulitwaa kombe.

Ninachokiona katika mchezo ule, na ninachokiona kila mwezi katika viwanja vyetu visivyo na jukwaa wala kamera, ni kwamba hofu kubwa humpata anayeongoza. Aliye nyuma hana cha kulinda, basi hupiga mipira yake kwa uhuru. Aliyebakiza gemu moja ameshaanza kupanga atakavyopeana mkono na mpinzani, atakavyopokewa nyumbani, na pengine atakavyochekwa iwapo ushindi utamponyoka. Roger Federer, bingwa wa zamani kutoka Uswisi, alipohutubia wahitimu wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani mwaka 2024, aliwaeleza kwamba katika mechi zake 1,526 za mchezaji mmoja mmoja alishinda karibu asilimia 80, lakini katika pointi zote alizocheza alishinda asilimia 54 tu. Tarakimu hizo nawasomea vijana mara kwa mara, kwa sababu mtu anayejua kwamba hata bingwa wa kiwango kile hupoteza karibu nusu ya pointi zake hataichukulia pointi moja iliyopotea kama hukumu. Na yeye mwenyewe Federer, katika fainali ya Wimbledon ya mwaka 2019 dhidi ya Novak Djokovic, alishinda pointi nyingi kuliko mpinzani wake, akafikia pointi mbili za ubingwa, ambazo kushinda moja tu kungempa kombe, akiwa anaanzisha kwa 8–7 katika seti ya tano, na bado akashindwa.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe. Sheria za tenisi huruhusu sekunde 25 kati ya pointi moja na nyingine, na sekunde 90 wachezaji wanapobadilishana pande, isipokuwa baada ya gemu ya kwanza ya kila seti, ambapo hubadilishana bila kupumzika. Ukizijumlisha sekunde hizo utaona kwamba sehemu kubwa ya mechi mpira haumo mchezoni, na huko ndiko hofu inakonenepa. Mwanasaikolojia Mmarekani Jim Loehr alijipatia sifa kwa kuchunguza wachezaji bora hufanya nini katika muda huo, naye akauona mpangilio uliojirudia: kwanza mwili huonyesha kwamba pointi imekwisha, kisha hulegea, kisha akili hupanga pointi ijayo, halafu hufuata kitendo fulani kilichozoeleka kabla ya kuanza.

Kwa upande wangu hufanya hivi. Pointi ikiisha, iwe nimeipata au nimeikosa, naugeukia ukuta wa nyuma na kuihamishia raketi katika mkono nisiopigia, maana mkono wa kupigia hauwezi kupumzika ukiwa bado umebana mpini. Natembea polepole nikitazama nyuzi za raketi, kwa kuwa macho yakizungukazunguka hukutana na nyuso za watu, na kila uso huleta wazo lake. Natoa pumzi taratibu, na kuitoa huko kuchukue muda mrefu kuliko kuivuta, jambo ambalo hupunguza mapigo ya moyo bila kuhitaji imani yoyote. Ndipo ninapoamua mambo mawili tu, mpira wa kwanza utakwenda wapi na wa pili utakwenda wapi, halafu nadundisha mpira na kuanza. Wapo wanaowacheka wachezaji wenye mazoea mengi, kama Rafael Nadal aliyekuwa akizipanga chupa zake za maji kwa namna ile ile kila alipoketi, lakini mimi siwacheki. Mazoea hayo huyapa mikono kazi, na mwenye kazi hana nafasi kubwa ya kuogopa.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo sijaliona likizungumzwa na wataalamu wa nje. Mechi zetu nyingi hazina mwamuzi, na kanuni ni kwamba kila mchezaji huamua mipira inayoangukia upande wake, na akiwa na shaka humpa mpinzani faida ya shaka hiyo. Sasa fikiria kijana wa Chumbageni amepangwa na mzee mwenye umri wa baba yake, amemwamkia "shikamoo" langoni, amemsaidia kubeba mkoba, na robo saa baadaye anatakiwa kumtangazia kwamba mpira wake umetoka nje. Nimewaona vijana wenye uwezo mkubwa wakitoa pointi za bure kwa sababu ya haya, na haya hiyo ikigeuka hasira ya ndani kwa ndani mpaka mchezo wote ukavunjika. Maoni yangu ni kwamba heshima ikae katika sauti, isikae katika hesabu. Mpira ukitoka, sema papo hapo, "Samahani mzee, umetoka," huku ukiinua mkono, kwani anayechelewa kusema ndiye hudhaniwa kuwa anaiba. Na ikiwa mzee ndiye ametoa uamuzi usiokubaliana nao, muulize mara moja tu, "Una hakika, mzee?", upokee jibu lake, kisha ufuate mpangilio wako wa sekunde 25, maana kinyongo cha pointi moja hula nyingine tatu. (Wazee nao wangetusaidia kama wangeacha kucheka kwa dharau pale kijana anaposema kweli.)

Kuhusu upepo nitasema machache. Kusi ikivuma alasiri kutoka baharini, wote wawili wanachezea upepo ule ule, kwa hiyo ninalenga ndani ya mistari kwa hatua nzima na sitafuti kisingizio. Joto linahitaji uangalifu zaidi. Katika unyevu wa pwani moyo huenda mbio hata bila hofu, na mchezaji aliyepungukiwa maji hutetemeka na kuona kizunguzungu, akadhani kwamba ameingiwa na woga. Kabla ya kuishughulikia akili, basi, kunywa maji, kaa kivulini kwa zile sekunde 90, na kwa anayefunga mwezi wa Ramadhani, mechi ya ushindani ni afadhali isubiri hadi baada ya kufuturu.

Kilichobaki ni kuuzoea mchecheto wenyewe, na hilo haliwezekani katika mazoezi yasiyo na cha kupoteza. Mimi na wenzangu huanza kila gemu ya mazoezi kwa 30–40, yaani anayeanzisha akipoteza pointi moja tu gemu imekwenda, naye akipewa sevu ya pili pekee, na anayeshindwa seti hununua kahawa na kashata kwa wote waliopo. Kiasi cha pesa ni kidogo, lakini kinatosha kuukaza mkono, hasa wanaosubiri zamu wakiruhusiwa kukaa karibu na kusema lolote wanalotaka, jambo ambalo watu wa Tanga hawahitaji kuhimizwa. Wiki za kwanza watu hukosa sevu nyingi na kulalamika kwamba zoezi linawaharibia mchezo. Siku inayotangulia mashindano tunaliacha kabisa: tunapiga mipira ya kawaida kwa nusu saa bila kuhesabu, na anayetaka kubadilisha nyuzi za raketi huwa ameshazibadilisha siku kadhaa kabla, ili asiingie uwanjani na kifaa ambacho mkono wake haujakizoea.