Jinsi nilivyoliondoa daftari kwenye mizani ya kahawa

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, huku milimani juu ya Moshi. Tulinunua simu janja mbili zenye programu ya kupokelea kahawa, karani akafundishwa, lakini msimu mzima zilikaa kabatini. Nililaumu mtandao, nikalaumu umri wa karani. Kumbe mwenyekiti alikuwa bado anadai daftari kila Jumamosi, na karani hawezi kuandika mara mbili.

Nikamfuata mwenyekiti nyumbani. "Mzee, ukiendelea kusoma daftari, hakuna atakayegusa simu." Akanyamaza kidogo. "Basi nifundishe mimi kwanza." Tulikaa jioni tatu.

Siku ya mapokezi alisimama mwenyewe kwenye mizani. Gunia la mama mmoja likasoma kilo 41.5. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, na ujumbe ukaingia kwenye simu ya yule mama palepale. Mama akausoma kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Zamani ile nusu kilo ilikuwa ikipotea hivi hivi, na iliniuma sana.

Kwenye mkutano mwenyekiti akatangaza kwamba malipo yatafuata kumbukumbu za simu tu. Daftari tumelibakiza kwa siku ambazo mtandao umekatika, na karani huingiza yote yaliyoandikwa humo kwenye simu kabla ya kufunga ghala.