Tairi za misimu yote: nilivyopima mwenyewe kwa nazi na kamba ya mkonge

Niseme mapema kwamba sijasomea magari. Mimi nanunua viungo Amani, kule milimani juu ya Muheza: iliki, pilipili manga na mdalasini, nashusha Tanga mjini. Kila wiki napanda ule mlima mara mbili, msimu wa mavuno hata mara tatu, na Toyota IST yangu, gari dogo la mjini, ambayo kila fundi wa Ngamiani akiiona anatikisa kichwa: "Mama, gari hili si la Amani." Sawa, si la Amani. Lakini ndilo ninalo, na mkopo wake nimeshaumaliza.

Njia yenyewe mwenye kuijua anaijua. Tanga hadi Muheza ni lami, malori na watu wenye haraka. Ukikata kwenda Amani unaingia kwenye udongo mwekundu na mawe, na kule juu mvua haijui likizo. Yaani kwa safari moja gari linataka tairi ya aina mbili, na kwa siku moja linaweza kupata jua la kaskazi hapa mjini na tope la masika kule.

Gari lilikuja kutoka Japani na tairi ambazo kila mtu alizisifu. Kashata, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, nene, zimejaa, hazina kiraka. Shemeji yangu, ambaye naye ana IST kama hii, alizigonga kwa kiatu akasema nimebahatika. Nikaamini. Miezi ya mwanzo sikuona kitu. Kilipoingia kiangazi nikaanza kuhisi gari linaogelea. Ukiwa kwenye 80 ukigeuza usukani kidogo, gari linasubiri, kisha linafuata, kama mtoto aliyetumwa dukani hataki. Siku moja Pongwe bodaboda alinikatia mbele, nikakanyaga breki, gari likasimama pale lilipotaka lenyewe.

Nilikwenda kwa fundi. Akasema niongeze upepo mpaka 40, tairi zitakuwa ngumu na zitadumu. Nikaongeza. Gari likaanza kuruka kwenye mawe kama mbuzi na breki zikazidi kuwa mbaya. (Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko kilichopo ukifungua mlango wa dereva. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi. Hilo fundi hakulisema, nililiona mwenyewe nikiokota ufunguo.)

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha nne, ana ugonjwa wa kusoma kila kilichoandikwa. Alichuchumaa kando ya gari akaniita. "Shangazi, hizi ni tairi za theluji." Nikacheka. Akanionesha: ubavuni imeandikwa STUDLESS, yaani tairi ya theluji isiyo na misumari, na kuna kamchoro ka mlima wenye vilele vitatu, ndani yake kapunje ka theluji. Akaniambia nibonyeze kashata kwa ukucha. Ukucha ukazama kama kwenye kifutio cha penseli. Halafu kashata zenyewe zimechanwachanwa vijimstari vyembamba, mamia, kama samaki aliyechanjwa tayari kwa kupakwa ndimu.

Mwaka mzima nimetembea Tanga na viatu vya Hokkaido, kule kaskazini mwa Japani kwenye theluji.

Wajapani wa kule kaskazini, na Wazungu wengi, wana seti mbili: za kiangazi na za theluji, wanabadilisha majira yakigeuka. Mpira wa tairi ya kiangazi hukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, ule wa theluji umepikwa ubaki laini hata juu ya barafu. Kwetu nyuzi 7 utazikuta ndani ya friji ya samaki tu. Ukiuleta mpira ule kwenye lami ya Tanga saa nane mchana, unalegea, unapinda, unalika. Zangu za mbele zilinyolewa ndani ya miezi minane.

Basi nikaenda dukani. Muuzaji akaniletea "tairi za misimu yote". Nikamwuliza misimu gani. Akanijibu kwa kujiamini, "Yote, mama. Hata theluji zinapanda." Nikamwambia theluji nimeshakuwa nayo, inatosha. Kwa kweli jina hilo linachekesha. Sisi misimu tunayo, masika, kipupwe, vuli na kiangazi, lakini aliyelitunga hakuwa akiifikiria hiyo. Alimfikiria mtu anayepata jua na theluji mwaka mmoja na hataki kununua seti mbili. Wamarekani ndio walioupenda sana mtindo huo. Goodyear walitoa Tiempo yao mwaka 1977, na tangu hapo kila kampuni ina ya kwake. Ni tairi ya katikati, mpira si laini sana wala si mgumu sana, mifereji mipana ya kutoa maji. Ubavuni utaona M+S, yaani tope na theluji. Alama hiyo kampuni inajiandikia yenyewe. Kale kamlima kenye punje ya theluji ndiko kanakodai kupimwa.

Nilichojali mimi ni ile herufi ya kwanza. Tope ninalo.

Seti ya kwanza aliyonitolea niliirudisha. Ilikuwa inang'aa, imepakwa dawa, lakini nilitafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni nikakuta 3119. Maana yake wiki ya 31 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo. Akasema hiyo ni namba ya mtambo. Nikamwambia basi niletee ya mtambo wa mwaka huu. Akaleta.

Pesa ilitosha tairi mbili. Laki na kitu kila moja, mume wangu ndiye anayekumbuka hesabu kamili maana ndiye aliyenikopesha. Na hapa ndipo ushauri mbovu ulipotaka kuniua. Fundi, muuzaji na shemeji, wote watatu, kwa sauti moja: mpya zifungwe mbele. Gari linavutwa na magurudumu ya mbele, usukani uko mbele, breki nyingi ziko mbele. Ilikuwa na mantiki kabisa. Nikafunga mpya mbele, zile za theluji zilizosalimika nikaziacha nyuma.

Siku ya tatu natoka Amani na magunia mawili ya iliki, mvua imenyesha kidogo tu, ile mbaya, inayolowesha vumbi na mafuta bila kuyaosha. Naingia Muheza, kona ya kawaida niliyoipita mara mia. Mbele gari limeshika vizuri sana, nikajisifu moyoni, nikaachia mafuta kidogo. Nyuma ikasema kwaheri. Sijui nieleze vipi. Niliona kupitia kioo cha pembeni mahali ambapo nilipaswa kuwa naona kwa kioo cha mbele. Gari likazunguka polepole kama mwari anayetolewa nje, likasimama limetazama nilikotoka, na bampa ya nyuma iko hatua mbili kutoka kwa meza ya machungwa. Mwenye machungwa hakukimbia. Alinitazama, akaendelea kumenya, akaniuliza, "Mama, unachukua ya mia tano au ya elfu?" Nilichukua ya elfu tano. Niliona aibu kuondoka bila kununua kitu.

Tairi nzuri hufungwa nyuma. Haijalishi gari linavutwa na wapi. Zile za mbele zikiteleza gari linakataa kukata kona, unapunguza mwendo, linatii. Za nyuma zikiteleza hakuna mjadala tena. Na kama mfuko unaruhusu usichanganye kabisa, funga nne za aina moja. Nilikopa tena.

Sasa nikawa na hasira. Nilitaka kujua mwenyewe, si kuambiwa. Nilikuwa na za theluji, nne, mbili zimelika mbili nzima kiasi. Nina nne mpya za misimu yote. Na shemeji nikamwazima za kwake, tairi za kawaida za kiangazi za Kijapani, saizi ileile 185/65R15, ingawa zimechoka. Tukaomba ruhusa kwenye shamba moja la mkonge ambako kuna kipande cha lami ya zamani hakipitwi na mtu. Mlinzi alikubali kwa sharti kwamba na yeye atazame.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Mtoto wa kaka alifunga mafundo kwenye kamba ya mkonge, kila mita fundo, akailaza kando ya lami. Mwanzo wa kamba tukaweka nazi. Mimi naja kwa 60, nikiwa usawa wa nazi nakanyaga breki kwa mguu wote, yeye anahesabu mafundo hadi gurudumu la mbele. Safi. Kwanza za theluji, lami imelowa kwa mvua ya usiku. Tukabadilisha, jeki moja, spana moja, mgongo wa kijana. Tulipomaliza kufunga za shemeji jua limetoka na lami imekauka nusu. Kisha mlinzi akaomba apande, kilo zake si haba. Kisha mvua ikarudi. Jioni tukawa na namba nyingi zisizo na maana yoyote, na kwa namba hizo tairi ya kipara ya shemeji ilikuwa bingwa wa Afrika Mashariki.

Kilichonifurahisha zaidi kiligunduliwa nyumbani. Kijana alipima tena kamba kwa futi ya fundi seremala akaikuta imepungua zaidi ya mita. Kamba ya mkonge ikilowa inavimba na kufupika! Mimi mtu wa Tanga, nimezaliwa kati ya mikonge, babu yangu kaikata mikonge, nikadanganywa na kamba.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Tuliiloweka kamba kwenye pipa usiku kucha, tukafunga mafundo ikiwa imelowa, na siku ya vipimo vya maji ikawa inamwagiwa maji kila baada ya mzunguko. Vipimo vya kavu tukatumia ile futi. Upepo sawa seti zote, mimi peke yangu garini, mlinzi chini ya mwembe. Kila seti mara tatu, tunachukua ya katikati. Breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisikwame, zikianza kugonga mguu kama nyundo ndogo usiachie, ndiyo kazi yake.

Kwenye lami kavu: za shemeji mita 17, za misimu yote 18 na nusu, za theluji 22. Kwenye lami iliyolowa: misimu yote 21, shemeji 24, theluji 29. Nane zaidi ya misimu yote. Hiyo ni bodaboda, abiria wake, na duka lililo nyuma yao.

Shemeji alisherehekea ushindi wa pale pakavu mpaka nikamwonesha kwa nini alishindwa kwenye maji. Ukichomeka njiti ya kibiriti kwenye mfereji wa tairi yake, kichwa cha njiti hakizami. Tairi mpya ina kina cha milimita kama 8. Vile vinundu vilivyo ndani ya mfereji, ukifuata herufi TWI ubavuni utaviona, viko kwenye milimita 1.6, ndipo tairi inapohesabiwa imekwisha, na yeye alikuwa karibu ya hapo. Maji hayana pa kwenda, tairi inapanda juu yake. Naamini zake zingekuwa mpya zingenishinda hata kwenye lami ya maji, maana sisi hatuna baridi ya kumpa misimu yote faida. Anayekaa Raskazone na kufanya kazi Chumbageni, lami tupu, achukue za kiangazi nzuri asisumbuke.

Lakini mimi napanda Amani. Tulikwenda na seti zote ule mteremko wa baada ya Kisiwani, asubuhi baada ya mvua. Za shemeji zilijaa udongo zikawa kama mandazi, gari likaserereka kinyumenyume tukaweka mawe. Misimu yote ilipanda kwa kulalamika. Na hapa inanibidi niseme kweli ingawa inaniuma: za theluji zilipanda vizuri kuliko zote. Vile vijimstari na mifereji mipana vinauma tope barabara. Ningekuwa naishi kulekule juu na sishuki kamwe, ningezibakisha.

Kelele? Misimu yote ina mvumo kidogo kwenye lami ukipita 90. Kwenye ile namba ya Wamarekani ya kulika ubavuni, yangu imeandikwa 420, yaani kwenye majaribio yao hudumu kama mara nne ya tairi yao ya kulinganishia. Barabara ya Amani sidhani wameijaribu. Mimi nina mwaka na miezi miwili, njiti bado inazama hadi chini ya kichwa, na nahamisha za mbele nyuma kila nikibadilisha oili mara ya pili.

Juzi nilipita kwa yule fundi kuziba pancha. Alikuwa anamfungia kijana mmoja tairi mbili mpya, akiwa ameshika kiuno, anamfundisha kwa sauti: "Nzuri zinakwenda nyuma, mgosi. Mimi siku zote nawaambia watu." Nikanyamaza. Alinitoza elfu tano ya pancha.