Ripoti ya utafiti wa saikolojia: anza na Mbinu, ikisiri iache mwisho

Ripoti ya saikolojia husomwa kwa mpangilio mmoja na kuandikwa kwa mwingine. Kwenye karatasi inakwenda ikisiri (muhtasari wa ripoti nzima), utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, marejeleo, halafu viambatisho. Wewe anza na mbinu. Ni mambo uliyokwisha kuyafanya, kwa hiyo hakuna cha kutunga, na ukichelewa utayasahau.

Tuchukue jaribio ambalo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hupewa, lile la Mmarekani John Ridley Stroop la mwaka 1935. Mshiriki anapewa orodha ya majina ya rangi yaliyochapwa kwa wino usiolingana nayo, kwa mfano neno “kijani” kwa wino mwekundu, naye anatakiwa kutaja rangi ya wino. Anachelewa, kwa sababu aliyezoea kusoma hawezi kujizuia kulisoma neno.

Kipimo cha sehemu ya Mbinu ni kimoja tu: mtu asiyekujua aweze kulirudia jaribio lako bila kukupigia simu. Kwa washiriki, taja idadi, jinsia, wastani wa umri, jinsi ulivyowapata na jinsi walivyotoa ridhaa. Hapa ndipo uongo usiokusudiwa huingia. Mtu amewaomba wanafunzi wenzake waliokuwa kantini, kisha anaandika “washiriki walichaguliwa kwa nasibu.” Hawakuchaguliwa kwa nasibu, walikuwa karibu tu, na ndivyo inavyopaswa kuandikwa. Ukiwa umemwondoa mtu kwenye uchambuzi, sema ni wangapi na kwa nini.

“Tulitumia karatasi zenye maneno ya rangi” haimsaidii mtu. Andika: karatasi mbili za A4, kila moja maneno 30, fonti Arial ukubwa 20, rangi nne (nyekundu, kijani, bluu, manjano), hakuna rangi iliyofuatana mara mbili, muda ulipimwa kwa saa ya simu. Eleza pia kama mshiriki aliyekosea alitakiwa kusahihisha kabla ya kuendelea, maana hilo pekee linaongeza sekunde. Kisha mpangilio wa zamu: nusu walianza na orodha inayolingana (neno na wino wake ni rangi moja), nusu na isiyolingana. Wote wakianza na orodha ileile, hutajua kama tofauti imeletwa na rangi, na mazoezi au na uchovu. Maelekezo uliyowasomea yaende kwenye kiambatisho, neno kwa neno.

Matokeo yawe mafupi na makavu. Kwa takwimu za kubuni, sentensi yake ingekuwa hivi: “Washiriki walitumia muda mrefu zaidi kwenye orodha isiyolingana (M = 21.6, SD = 3.4) kuliko inayolingana (M = 14.2, SD = 2.1), t(23) = 9.87, p < .001, d = 2.01.” Wastani (M) unatangulia pamoja na mtawanyiko wake (SD), jaribio la takwimu (t) linafuata pamoja na p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho kama kwa kweli hakuna athari, halafu ukubwa wa athari (d). Ile 23 kwenye mabano ni washiriki 24 ukitoa mmoja; isipolingana na idadi uliyoitaja kwenye Mbinu, msahihishaji makini ataiona mara moja. SPSS, programu ya takwimu, ikikuandikia p kuwa .000 usiinakili, kwa sababu uwezekano huo si sifuri. Andika p < .001. Kwa mtindo wa APA (Chama cha Saikolojia cha Marekani), thamani ya p haitanguliwi na sifuri kabla ya nukta, na alama za takwimu huandikwa kwa italiki. Wala usibandike jedwali zima la programu. Na sababu za matokeo zisubiri. Neno “kwa sababu” likijitokeza katika sehemu hii, mara nyingi ni mjadala uliovuka mpaka.

Mjadala unafunguliwa na jibu: nadharia tete, yaani utabiri uliouweka kabla ya jaribio, imeungwa mkono au la. Usiseme “imethibitishwa”, kwani jaribio moja halina uwezo huo. Linganisha na waliotangulia, kisha taja udhaifu wenye madhara yanayoelezeka. “Sampuli ilikuwa ndogo” ni maneno ya kujaza ukurasa. “Hatukupima upofu wa rangi, hivyo muda wa baadhi ya washiriki huenda uliongezeka bila kuhusiana na usomaji” ni hoja. Nadharia tete isipoungwa mkono, ripoti haijaharibika. Kinachoiharibu ni kuibadilisha kimyakimya ili ifanane na matokeo.

Sasa rudi kwenye utangulizi. Anza na tatizo pana, pita kwenye tafiti chache zinazogusa swali lako, onyesha kilichobaki bila jibu, umalizie na nadharia tete yenye mwelekeo na vigeu vilivyotajwa: kigeu huru (unachokibadilisha) ni ulinganifu wa neno na wino, kigeu tegemezi (unachokipima) ni sekunde. Historia ya saikolojia tangu Wundt, Mjerumani anayehesabiwa mwanzilishi wa saikolojia ya majaribio, haihitajiki hapa, hata kama inapendeza.

Marejeleo ni kazi ya kupekua: kila jina lililo ndani ya maandishi liwepo kwenye orodha, na kila lililo kwenye orodha liwe limetajwa ndani.

Mwisho andika ikisiri, aya moja isiyozidi maneno 250: swali, washiriki, ulichofanya, ulichopata, maana yake. Jambo lisilokuwemo ndani ya ripoti lisionekane humo, na idadi ya washiriki iwe ileile iliyo kwenye Mbinu.