Vita ambayo kitabu cha Esta kimeiruka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii naomba tufungue Esta sura ya 1 na ya 2, kuna kitu pale katikati nataka tukae nacho kidogo maana wengi wetu tunakipita mbio.

Esta 1:3 ni mwaka wa 3 wa mfalme Ahasuero, anafanya karamu pale Shushani, mji wake wa kifalme, siku 180 za kuonyesha utajiri wake halafu siku 7 za kunywa, ndipo malkia Vashti anaitwa na anakataa kuja. Sawa. Sasa nenda Esta 2:16, Esta anaingizwa kwa mfalme mwezi wa 10 mwaka wa 7. Hiyo miaka katikati mfalme alikuwa wapi? Biblia inasema tu "baada ya mambo hayo", kisha inaendelea na habari za wasichana na mafuta ya manemane.

Jamani, hapo katikati ilipiganwa vita ambayo dunia mpaka leo inaisimulia! Huyu Ahasuero wanazuoni wengi wanasema ndiye Xerxes, mwana wa Dario, aliyeshika ufalme wa Uajemi mwaka 486 KK. Ugomvi aliukuta. Wayunani wa Asia Ndogo walikuwa wameasi, Athens ikawasaidia, mji wa Sardi ukachomwa moto (ndiyo Sardi hiyohiyo ya Ufunuo 3), Dario akatuma jeshi likapigwa Marathon mwaka 490 KK, akafa hajalipiza. Kwa hiyo mtoto alirithi kiti na kisasi kwa pamoja.

Mwaka 480 KK Xerxes akaondoka na jeshi kubwa sana kwenda Ulaya, kwenye mlango wa bahari wa Hellespont wakaunganisha mashua kuwa daraja. Herodotus, Myunani aliyeandika habari za vita hiyo, anasema madaraja ya kwanza yalivunjwa na dhoruba, mfalme akakasirika akaamuru bahari ichapwe viboko 300 na itupiwe pingu, na wasimamizi wa ujenzi wakakatwa vichwa. Bahari inachapwa viboko! Mimi nikifika hapo nawaza moja kwa moja Marko 4, Bwana anaamka kwenye mashua anasema "Nyamaza, utulie", na upepo unakoma.

Herodotus anasimulia tena kwamba tajiri mmoja wa Lidia, Pythius, alikuwa na wana watano na wote wako jeshini, akamwomba mfalme amwachie angalau yule mkubwa amtunze uzeeni. Xerxes akaagiza huyohuyo mkubwa akatwe vipande viwili, kimoja kikawekwa upande huu wa barabara na kingine upande ule, jeshi likapita katikati. Halafu Xerxes huyohuyo alipofika Abydos, penye madaraja yale, akaketi juu akatazama meli zimefunika bahari, akafurahi, mara akaanza kulia. Ami yake akamuuliza vipi, akajibu kwamba katika watu wote hawa baada ya miaka 100 hatakuwepo hata mmoja. Ni Zaburi ya 90 kabisa ile! Alilia machozi ya kweli na bado akavuka kwenda kuua.

Nimekaa sana hapa kwa sababu moja. Tunamfundisha Esta kwa watoto kama hadithi nzuri ya binti mrembo aliyepata taji, wakati mfalme ambaye Esta anakwenda kusimama mbele yake bila kuitwa ni huyu. Baba kaomba aachiwe mtoto mmoja tu akapewa maiti! Na Esta anakwenda kuombea taifa zima la Wayahudi lisiuawe. Sasa soma tena Esta 4:16, "nikiangamia, na niangamie", uone kama bado inasomeka kirahisi.

Vita yenyewe nisiirefushe. Wasparta 300 na Wayunani wenzao walimzuia kwenye njia nyembamba ya Thermopylae wakafa na mfalme wao Leonidas, Athens ikachomwa, halafu Salamis mfalme akiwa ameketi pwani anatazama meli zake zikavunjwa palepale machoni pake. Mwaka uliofuata, 479 KK, jeshi alilolibakiza likamalizwa Plataea. Na hebu piga hesabu, mwezi wa 10 wa mwaka wake wa 7 unaangukia mwisho wa 479 au mwanzo wa 478, na kila msichana alitakiwa kuandaliwa miezi 12 kwanza. Maana yake binti yatima, hana baba hana mama, anachukuliwa nyumbani kwa Mordekai, ndugu yake aliyemlea, kipindi kilekile ambacho macho ya mataifa yote yako Uyunani, na hakuna aliyeona kwamba hiyo ndiyo habari kubwa. Mungu aliona. Hamani, mkuu wa mfalme aliyewachukia Wayahudi, hajapanga kitu bado, barua za kuua Wayahudi katika majimbo 127 zitakuja mwaka wa 12, na Yerusalemu nayo iko ndani ya hayo majimbo, yaani ukoo wa Daudi ambao Masihi atatoka kwake uko hatarini wote, na msaada umeshaingizwa jumba la mfalme miaka kama mitano kabla.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu naona tunavyokesha na habari za mataifa makubwa, nani karusha nini kwa nani, tunatafuta unabii kwenye kila mzinga, na jirani kaachiwa watoto wa marehemu dada yake hatujampigia hodi. Mordekai alimlea Esta bila kujua chochote kuhusu taji. Alikuwa analea mtoto wa ami yake tu.

Na hayo mataifa Mungu alishamwonyesha Danieli mapema, sura ya 8, kondoo mume na beberu, na malaika akataja kabisa Umedi na Uajemi, kisha Uyunani. Beberu akaja kweli, Aleksanda, akasema analipiza ya Xerxes, Persepolis, mji wa wafalme wa Uajemi, ikaungua mwaka 330 KK, naye akafa Babeli 323 KK ana miaka 32, pembe kubwa ya beberu ikavunjika ingali na nguvu kama ilivyoandikwa. Xerxes mwenyewe alishauawa tangu 465 KK, na aliyemuua ni mkuu wa walinzi wake.

Wiki hii tusome Esta yote, sura mbili kwa siku, na tuwaombee kwa majina wale wanaolea watoto wasiowazaa hapa kwetu. Ukimjua mmoja mpelekee hata unga. Jumapili ijayo tukijaliwa tutaingia Nehemia 2, ni palepale Shushani, zamu ya Artashasta mwana wa huyu Xerxes.