Njia ya toroli kwanza, mashine baadaye

Muuzaji wa mashine pale Kariakoo alinifungulia video kwenye simu: kiwanda cha matofali huko China, mkono wa chuma unanyanyua matofali na kuyapanga, hakuna mtu hata mmoja anayeonekana. "Mama, hii itakuondolea vibarua wote." Nikamuuliza itaniondolea shilingi ngapi kwa mwezi. Kwa hilo hakuwa na video.

Ninafyatua matofali ya simenti Goba, Dar es Salaam. Ujira wa vibarua wawili wanaopanga matofali usingefikia hata riba ya mkopo wa kununulia chuma kile. Kule ambako mtu mmoja analipwa fedha nyingi, hesabu ni nyingine. Kwangu tatizo halikuwa wingi wa watu, bali uchache wa matofali ukigawanya kwa watu walioingia getini asubuhi. Kwa uchache huo, hata ningetaka kuwalipa vizuri, ningetoa wapi?

Nikageuza ndoo, nikakaa kuangalia kazi. Mfyatuaji, ambaye ndiye mwenye ujuzi, muda mwingi alikuwa amesimama akisubiri mchanganyiko. Mchanganyiko ulichelewa kwa sababu toroli lilizama kwenye mchanga na kijana akalisukuma kwa kifua. Walichanganyia kwenye udongo mtupu, kwa hiyo kila raundi simenti nyingine ilibaki chini. Na lundo la mchanga lilikaa pale dereva wa lori alipoona rahisi kumwaga.

Basi kabla ya mota yoyote nilimwaga zege jembamba: sakafu ya kuchanganyia, na njia ya toroli mpaka kwa mfyatuaji. Ilikula mifuko michache ya simenti pamoja na vipande vya matofali yaliyovunjika. Lundo tukalisogeza, dereva wa lori alinuna, akazoea. Njia ile imeniongezea matofali kuliko kitu chochote nilichonunua baadaye, na nasema hivyo nikiwa na mashine ya kufyatulia kwa mtetemo uani.

Malipo nayo niliyagusa. Ukilipa kwa kila tofali lililofyatuliwa, mtu anashindilia juujuu ili namba ipande. Nikaweka hesabu mbili: nusu ya fedha jioni ileile, maana mtu wa kutwa hawezi kusubiri wiki ndipo ale, na nusu baada ya siku 7 za kumwagilia maji, kwa matofali yaliyosimama mazima. Yaliyokatika yakapungua, na bila mimi kumkaripia mtu wakaanza kukumbushana wenyewe kumwagilia.

Ndipo nikaleta mashine ya kuchanganyia, ya dizeli, kwa kuwa umeme wa njia tatu, ule wa kuendeshea mashine kubwa, ulikuwa mbali na kiwanja changu. Mzee mmoja wa Kilwa, bingwa wa koleo, aliniuliza waziwazi, "Mama, hii si ndiyo imekuja kutufukuza?" Nikamjibu kwamba koleo litapungua, lakini upakiaji utaongezeka. Ikawa hivyo, kwa sababu Goba watu wanajenga kila kona. Soko lingekuwa lilelile, jibu langu lingekuwa uongo. Kijana mmoja hata hivyo aliondoka akaenda kuendesha bodaboda. Mzee ndiye anayeendesha mashine sasa, na anaijua kwa mlio.

Ujira wake niliupandisha. Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani, alipotangaza ujira wa dola 5 kwa siku mwaka 1914, watu walikuwa wakiacha kazi kiwandani kwake kila kukicha, na mtu mpya kwenye mashine ni hasara. Hata kwenye uwanja mdogo kama wangu, asubuhi ambayo mzee anaumwa naiona kwenye idadi ya matofali.

Kwa sasa kinachonibana ni pa kukaushia. Matofali yanatoka haraka kuliko nafasi inavyopatikana, na masika yakija turubai hazitoshi. Jirani ana kiwanja kitupu, tunavutana bei ya kodi.