Tathmini ya ulemavu kwa mgonjwa wa akili: kilichotusaidia hapa Tanga

Alhamdulillahi, mafao ya ulemavu ya kaka yangu yamepita. Naandika ili mwingine asihangaike.

Kaka ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, na kazi ya bandarini ilimshinda. Shida yetu ilikuwa kwamba siku ya tathmini huvaa shati safi, huamkia wakubwa kwa adabu, na kila swali hulijibu "niko sawa." Kwa nusu saa ile, kweli yuko sawa. Tulipeleka barua yenye jina la ugonjwa, kisha vyeti vya dawa. Havikutosha.

Kilichofungua njia ni daftari la mama. Kila jioni aliandika, kwa tarehe: leo hakuoga mpaka nilipomshika mkono, leo ameacha jiko linawaka, usiku kucha alikuwa akijibu sauti. Siku njema aliziandika pia, na hilo ndilo lililofanya daftari liaminike. Tukalipeleka kliniki ya hospitali ya Bombo kabla ya tathmini, daktari akaandika barua mpya inayoeleza asichoweza kufanya bila kusimamiwa. Hata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 huangalia mtu anavyozuiwa kushiriki maisha ya kawaida, si jina la ugonjwa tu.

Ila muombeni mgonjwa ruhusa kwanza. Kaka alitaka asomewe kurasa zote, tukamsomea, na ukurasa mmoja akaukataa. Tuliuondoa.